Kodi ya Bibi

Fomu ya kuorodhesha mali ya marehemu, ile unayoijaza Mahakama ya Mwanzo ukishateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, inataka kujua habari za nyumba, mashamba, mifugo, fedha na madeni. Mpangaji hana mstari wake. Niliandika nyumba moja ya kuishi pamoja na vyumba 4 vya uani, Mgori, nikatia sahihi, karani akagonga muhuri. Kumbe vyumba vile 4 vilikuwa na watu ndani, na kila mmoja alikuwa na maelewano yake na baba, maelewano ambayo hayakuandikwa popote. Kisheria kifo cha mwenye nyumba hakimwondoi mpangaji. Anayerithi ukuta anarithi na makubaliano.

Wapangaji watatu hawakuwa na utata. Walimu wawili na kijana mmoja anayekuja kununua alizeti za wakulima walikuwa wanalipa shilingi 15,000 kwa mwezi, bei ya kawaida kwa chumba cha bati na sakafu ya saruji pale kwetu. Wa nne alikuwa bibi mmoja, naye alilipa 8,000. Simtaji jina hapa. Sisi watoto wa nyumba ile tulimwita Bibi tu tangu tukiwa shuleni, na sikumbuki kama niliwahi kumwita kitu kingine.

Mjane mpangaji ni jambo la kushangaza kidogo kijijini. Anayepanga Mgori ni mgeni: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara. Mwenyeji ana kwake, hata kama kwake ni tembe la udongo lenye paa la kukaa mbuzi. Bibi naye alikuwa na kwake, katika kijiji kimoja pembezoni mwa Msitu wa Mgori, ule msitu wa miombo wa zaidi ya hekta 40,000 ambao katika miaka ya 1990 ulianza kutunzwa na vijiji vinavyouzunguka. Mume wake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Alipofariki, ndugu zake wakachukua shamba, wakachukua na mizinga, wakamwambia Bibi arudi kwao. Kwao hakukuwa na mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Maneno hayo yapo, nimeyasoma. Bibi hakuwahi kuyapeleka kwenye baraza lolote. Alibeba sufuria na godoro, akaja Mgori, na baba akampa chumba cha mwisho, kile kinachopakana na banda la kuku.

Baadaye wakaja wajukuu watatu, watoto wa binti yake. Mama yao aliondoka kwenda kutafuta kazi za ndani mjini na hakurudi kuwachukua.

Bibi alikuwa akimlipa baba kwa vipande. Mwezi huu 5,000, mwezi ujao debe la uwele, mara kuku mmoja. Baba alikuwa na daftari la kurasa 96 ambamo aliandika kila kitu, hata kuku, kwa bei ya mnada wa siku hiyo. Nililikuta ndani ya sanduku lake. Kuanzia mwaka 2015 maandishi ya Bibi yanabadilika ghafla: hakuna tena uwele wala kuku. Kila baada ya miezi miwili kuna 16,000, na pembeni baba ameandika neno moja: TASAF.

Kwa msomaji wa mjini ambaye neno hili amelisikia kwenye taarifa ya habari tu: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000, na mwaka 2012 awamu yake ya tatu ikaleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya zaidi ya milioni moja nchini zikaandikishwa. Wanakijiji wenyewe hukutana mkutanoni, wakataja kaya zilizo hoi, kisha majina yanapitishwa kwenye dodoso. Anayepita anaitwa mlengwa. Katika miaka ninayoizungumzia ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Mtoto wa shule ya msingi alileta 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, kwa sharti la kuhudhuria masomo, na mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 80 fedha inakatwa. Kaya ilipata kwa miezi miwili miwili, mkononi, kwenye meza ya malipo pale kijijini. Hata iwe na watoto wangapi, haikuweza kuvuka 38,000 kwa mwezi.

Bibi alikuwa na wajukuu wawili shule ya msingi na mmoja kidato cha pili. Piga hesabu: 22,000 kwa mwezi. Mara mbili, 44,000.

Nilipiga hesabu hiyo mwaka 2017, miezi kadhaa baada ya arobaini ya baba, kwa sababu niliombwa niipige. Kikao cha familia kilikaa sebuleni kujadili nyumba. Bati la vyumba vya uani lilikuwa limeoza, hasa upande wa Bibi. Mama ana kisukari, na dawa zake na nauli ya kwenda kliniki Singida mjini vilikuwa vinatoka kwenye kodi ya vyumba vile, pamoja na kile tulichotuma sisi watoto, ambacho hakikuwa kingi na hakikutumwa kila mwezi. Baba mdogo ndiye aliyeanza.

"Huyu bibi wa mwisho mnamwacha kwa 8,000 mpaka lini? Zamani marehemu alimhurumia kwa kuwa hakuwa na kitu. Sasa serikali inamlipa. Ana mshahara. Mpandishieni alipe kama wenzake."

Nilitegemea mama amkatalie. Mama na Bibi walikuwa wanakaa pamoja kila jioni kwenye mkeka mmoja, wakichambua mboga na kuwasema watu. Badala yake mama akasema, "Ni kweli. Apandishiwe."

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Mama hakuwa mlengwa. Kwenye mkutano wa kijiji jina lake halikutajwa, na waliokuwa pale hawakukosea: ana nyumba ya bati, ana vyumba vya kupangisha, ana watoto waliosoma. Hakudai kuwa ameonewa. Ila kila baada ya miezi miwili alimwona mwenzake wa mkekani akienda mezani na kurudi na 44,000 zilizokunjwa kwenye pindo la khanga, wakati yeye alisubiri simu yangu ilie. "Mimi na yeye," aliniambia tukiwa jikoni, "tofauti yetu ni hayo mabati tu. Na mabati yenyewe ndiyo hayo yanayovuja."

Sikuwa na jibu. Mwanamke maskini anampangisha mwanamke maskini zaidi, na huyu wa pili ndiye mwenye fedha ya uhakika. Mjini tumezoea hadithi ya mwenye nyumba mnene anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hadithi hiyo ni ya kweli, nimelipa kodi za namna hiyo. Lakini haikunisaidia chochote nikiwa Mgori.

Nilitafuta sheria. Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, yenye mabaraza ambayo mpangaji aliweza kwenda kulalamika kwamba kodi imepanda kupita kiasi. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni ile mnayokubaliana, na makubaliano kati ya mtu mwenye chumba na mtu asiye na pa kwenda yana namna yake ya kwenda. Halafu neno lenyewe ni kodi. Kiswahili kimeamua kwamba anachotozwa mwananchi na serikali na anachotozwa na mwenye nyumba viitwe jina moja, na siku zile niliona lugha yetu haikuwa imelewa.

Nilikuwa nimesoma pia kuhusu vocha za nyumba za Marekani. Kwetu vocha ni ya simu, au ile ya pembejeo waliyopewa wakulima kwa ajili ya mbolea na mbegu. Kule, kwa sheria ya mwaka 1974, familia ya kipato cha chini inaweza kupewa vocha ya kupangia nyumba ya mtu binafsi. Watu huuita mpango huo Section 8. Kwa kawaida mpangaji hutoa kama asilimia 30 ya kipato chake, na kilichobaki ofisi ya makazi ya eneo hilo inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi anapeleka taarifa ofisini, na ofisi inalinganisha na nyumba zinazofanana jirani kabla ya kukubali. Mtu akirithi nyumba yenye mpangaji wa vocha, anarithi pia mkataba na ofisi. Wapo wenye nyumba wasioitaka kabisa vocha hiyo, na wapo wanaoipenda kwa kuwa hundi ya serikali haikosi.

Kilichonishika ni ile ofisi ya katikati. Mwenye nyumba wa Chicago akiongeza dola 50 na ofisi ikakubali, sehemu kubwa ya nyongeza inaweza kubebwa na ofisi. Mimi nikiongeza 7,000 Mgori, hakuna wa katikati. TASAF haikumpa Bibi fedha ya nyumba. Ilimpa fedha ya watoto kula na kusoma, na haijui kama mimi nipo. Ruzuku haitapanda kwa sababu bati letu limeoza. Kila shilingi nitakayoongeza ina mahali itakapotoka, na mahali penyewe napaona kutoka dirisha la jikoni kwetu.

Basi nikafanya hesabu ya pili, ambayo haikuombwa na mtu. Bibi alikuwa na vijisenti vingine, vya mikeka na vibarua vya kupalilia alizeti, lakini hivyo havikuwa na tarehe. Kwa ruzuku peke yake, kwa kipimo cha Wamarekani angetakiwa kulipa 6,600. Alikuwa analipa 8,000. Baba mdogo alitaka 15,000, yaani zaidi ya theluthi mbili ya ruzuku nzima. Nyongeza ya 7,000 ni ruzuku ya yule wa kidato cha pili na moja ya wale wawili wa msingi, na 1,000 juu. Mwaka 2016 ada ilikuwa imeshaondolewa hadi kidato cha nne, lakini madaftari yanauzwa, sare zinauzwa, viatu vinauzwa. Na mtoto asiye na sare hubaki nyumbani, mahudhurio yanashuka, ruzuku inakatwa. Ningepandisha kodi kwa kutegemea fedha ambayo kupandisha kwenyewe kungeiua.

Nilimweleza hayo baba mdogo kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "na bati?"

Swali lake lilikuwa halali. Chumba kinachovuja hakimsaidii Bibi, na mvua za Singida zikianza Novemba au Desemba haziulizi nani mlengwa. Bando la bati, mbao na fundi vilihitaji fedha ambayo mama hakuwa nayo na mimi nilikuwa na nusu yake.

Nilisafiri Mgori siku chache kabla ya malipo, nikabaki hadi siku yenyewe. Wengi wanaoandika kuhusu ruzuku huishia kwenye meza ya malipo, mlengwa akitia dole gumba kwenye karatasi. Ningewashauri wageuke waangalie nyuma ya foleni. Alikuwepo mwenye duka na daftari lake la madeni. Alikuwepo mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Alikuwepo muuza vifaranga, kijana mwerevu, ambaye alijua tarehe ya malipo kuliko watendaji. Hakuna aliyekuwa mwizi hapo. Bibi alikuwa amechukua sukari na sabuni kwa mkopo wiki sita, na mwenye duka naye ana watoto. Lakini nilipojitazama nilivyosimama chini ya mti ule nikisubiri pamoja nao, nikaona kwamba mwenye nyumba ni mmoja tu wa foleni ya pili, na kwamba foleni ya pili ndiyo inayoamua 44,000 itakuwa nini ifikapo jioni.

Jioni nikaenda chumbani kwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunipandishia kodi?"

Nilicheka kwa kukosa la kufanya. Alikuwa anajua, kwa kuwa mama alimwambia mwenyewe, mkekani, siku ileile ya kikao. Hawakugombana. Bibi alinisimulia kwamba alimwuliza mama, "Mama wa watu, unaniona tajiri?" na mama akamjibu, "Nakuona unapata." Wakaendelea na mboga zao.

Akazitandaza fedha juu ya kitanda. Kodi yetu, 16,000, alishaitenga. Duka, 9,000. Za kikundi, 2,000. Mahindi debe moja. Daftari na kalamu. Kilichobaki alikishika mkononi na kuniambia ni cha kuku: mitetea miwili, maana wa kwanza alioununua kwa ruzuku wameshakuwa tisa, na kuku wa Singida wana wateja hadi Dar es Salaam. Aliongea kama mhasibu asiye na haraka. Alinifundisha kitu kimoja ambacho hesabu zangu hazikuwa nacho: fedha yake ina misimu. Januari ni mwezi wa shule, usimguse. Kuanzia Desemba hadi Aprili chakula kinanunuliwa, usimguse. Julai, baada ya mavuno, debe la nafaka linashuka bei na vibarua vya kupura vinakuwepo. "Ukitaka kuongeza," akasema, "ongeza Julai. Ila usiongeze kwa kuwa nimepata. Siku wakinifuta, utapunguza?"

Hilo la mwisho nililala nalo. Ruzuku haikuahidiwa kuwa ya milele. Ni mpango, una awamu, na awamu huisha. Kodi ya nyumba ikishapanda haishuki, sijawahi kuona imeshuka, mjini wala kijijini. Tukifunga kodi ya chumba kwenye fedha ya mpango, siku mpango ukiisha chumba kitabaki na bei yake na Bibi atabaki uani na godoro.

Asubuhi nikakaa na mama. Nilimwambia nitabeba nusu ya gharama za bati, na nusu itoke kwenye kodi za vyumba vyote vinne, nyongeza ya 2,000 kila chumba, kuanzia Julai. Walimu 17,000, mnunuzi wa alizeti 17,000, Bibi 10,000. Mama alinyamaza kidogo. Akauliza dawa zake zitatoka wapi miezi hiyo ambayo fedha inakwenda kwenye bati. Nikamwambia zitatoka kwangu, na tukaandika tarehe, kwa sababu mama ameshachoka na ahadi za simu. Kuhusu Bibi alisema tu, "Sawa, ili mradi na yeye anaongeza." Nikaelewa kwamba kiasi hakikuwa shida yake. Alitaka mwenzake naye aguswe.

Najua kuna watakaosema 2,000 kwa bibi wa ruzuku ni nyingi, na kwa asilimia wana haki: kodi yake sasa ni karibu nusu ya ruzuku yake. Wengine, baba mdogo akiwa wa kwanza, walisema nimemwachia mno. Sikuona aibu wala sikujisifu. Nilichokataa ni ile sababu ya kwanza iliyoletwa kikaoni, kwamba alipe zaidi kwa kuwa serikali inamlipa. Bati ni sababu. Ruzuku si sababu.

Tuliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akiwa amevaa koti zito kwa ajili ya upepo wa Juni. Niliandika kwamba kodi ya chumba ni 10,000 kuanzia Julai 2017, kwamba haitapanda tena kwa miaka mitatu, na kwamba haitapangwa kwa kuangalia mpangaji anapata nini au amekosa nini. Mwenyekiti aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akauliza kama nina hakika, kwa kuwa wapangaji wake mwenyewe wangeweza kuisikia. Nikamwambia nina hakika.

Bibi alimwita mjukuu wa kidato cha pili aje amsomee. Msichana akasoma taratibu, kwa sauti ya darasani, mpaka mwisho. Bibi akatikisa kichwa.

"Hamjaandika bati," akasema. "Mmeandika nitakacholipa. Andikeni na mtakachofanya."

Nikaandika kwamba mwenye nyumba ataezeka upya chumba cha mwisho kabla ya mvua, na isipofanyika, kodi itabaki 8,000. Bibi akatia dole gumba. Mama akashuhudia kwa sahihi yake ndefu ya zamani, ile yenye mkia.

Fundi alipanda juu ya paa mwezi Oktoba. Aliteremsha mabati kumi na moja, na matatu yalikuwa bado yanafaa. Bibi akayaomba kwa ajili ya banda la kuku, na mama akamuuzia kwa 1,500 kila moja.